Etymonline kwenye mizani ya neno moja: verge

Mfasiri anayejitegemea, asiye na ofisi wala maktaba nyuma yake, akiniuliza aanze na kamusi gani ya asili ya maneno ya Kiingereza, namtajia Etymonline bila kusita. Haina malipo na unaisoma hata kwenye simu. Aliyeianzisha ni Douglas Harper, Mmarekani wa jimbo la Pennsylvania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mpaka leo ukiisoma unahisi kuna mtu nyuma ya maelezo, mtu anayelipenda neno alilolishika mkononi. Si kamusi ya kukufundisha kulitumia neno katika mazungumzo. Kazi yake ni kukwambia neno lilitoka wapi, liliandikwa lini kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza, na maana yake ilihamahama vipi mpaka ikafika hapa ilipo.

Kuisifu kwa jumla hakumsaidii mtu, kwa hiyo nimeipima kwa neno moja lililonisumbua kweli. Neno lenyewe ni verge.

Mwalimu mmoja wa fasihi hapa Mombasa alinipa mhadhara wake niutie Kiswahili. Ulimhusu Christopher Marlowe, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza aliyeuawa tarehe 30 Mei 1593 huko Deptford, kando ya mto Thames, katika nyumba ya mjane aitwaye Eleanor Bull. Walikuwa wameshinda humo wanne, wakala, wakanywa, kisha ukazuka ugomvi wa nani alipe. Ingram Frizer akamchoma kisu juu ya jicho la kulia. Tarehe 1 Juni uchunguzi wa kifo ukafanywa mbele ya wazee 16 wa baraza, na aliyeuongoza alikuwa William Danby, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza vifo vinavyohusu nyumba ya Malkia Elizabeth I. Taarifa ya uchunguzi huo, iliyoandikwa kwa Kilatini, ilikaa kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali bila kusomwa mpaka mtafiti Leslie Hotson alipoichapisha mwaka 1925.

Sasa mtu wa ikulu alitafuta nini kwenye ugomvi wa bili ya chakula? Mhadhara ulijibu kwa maneno matatu tu: Deptford ilikuwa “within the verge”.

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili zilizoko rafuni kwangu zinasema verge ni ukingo, kando, mpaka. Andika basi: “Deptford ilikuwa ndani ya ukingo.” Ukingo wa nini? Msomaji wa Lamu au wa Tabora atadhani mto ulifurika. Hata kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi haiokoi jahazi, kwa sababu nayo inaanza na kingo za barabara na kuishia kwenye msemo wa kuwa karibu na jambo fulani. Kwenye Etymonline ndipo sentensi ilipofunguka.

Kidahizo chenyewe, yaani neno na maelezo yake ndani ya kamusi, si kirefu, ila kimejaa. Kinaanzia kwenye Kilatini, virga, yaani chipukizi, kijiti, ufito, fimbo nyembamba. Virga yenyewe ilitoka wapi haijulikani, na Harper anasema hivyo waziwazi bila kubuni hadithi ya kuziba pengo. Hiyo kwangu ni alama kubwa ya uaminifu, maana mtandao umejaa watu wanaotunga asili za maneno kama watungao ngano. Kutoka Kilatini neno likapita Kifaransa cha kale, verge, likibeba ufito, fimbo ya kupimia, fimbo ya madaraka, na pia uume. Wasomaji wa Bukavu na Lubumbashi waliosoma kwa Kifaransa wanajua maana ipi kati ya hizo ndiyo iliyobaki na nguvu huko. Hata Kiingereza kilianza nayo hiyo, miaka ya 1400 ilipokuwa ikiingia, kisha kikaiacha.

Halafu ndipo safari inapoanza kunoga. Msimamizi mkuu wa nyumba ya mfalme wa Uingereza alishika fimbo kuwa alama ya mamlaka yake. Kuwa chini ya fimbo yake kukawa ndiko kuwa chini ya amri yake. Amri hiyo ilikuwa na kipimo: maili 12 kutoka alipo mfalme, kama kilomita 19 na ushei, kila upande. Anayefanya kosa ndani ya maili hizo alikuwa ndani ya verge, na kesi yake ilikuwa ya watu wa ikulu. Kwa hiyo neno lililokuwa fimbo likawa utawala wa mwenye fimbo, kisha likawa eneo la utawala huo. Taratibu watu wakaacha kulifikiria eneo lenyewe, wakalifikiria pale linapokomea. Hapo ndipo verge ilipokuwa ukingo, kwanza wa eneo, baadaye wa kitu chochote. Kufikia mwaka 1600 hivi watu walikuwa wanasema mtu yuko “on the verge” ya jambo, yaani jambo limemkaribia mno, bado hatua moja aingie.

Harper anamtaja Ernest Weekley, mtaalamu wa Uingereza aliyetoa kamusi yake ya asili ya maneno mwaka 1921, kwamba naye aliuona mgeuko huu kuwa wa ajabu. Nakubaliana naye nusu. Kwa Mwingereza wa leo asiyemwona tena mtu ameshika fimbo ya utawala, ni ajabu. Kwetu sisi hatua ile ya kwanza, fimbo kuwa serikali, haihitaji maelezo. Mkenya aliyekua wakati wa Rais Moi analijua rungu, na Mtanzania anakijua kifimbo cha Mwalimu Nyerere.

Hatua ya pili, mamlaka kuwa eneo linalopimwa kwa maili, nayo ina mwenzake hapa pwani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 uliitambua miliki ya Sultani wa Zanzibar upande wa bara kuwa ni ukanda wa pwani wenye kina cha maili 10. Kwa sehemu iliyoko Kenya, ukanda huo ulihesabika kuwa wa Sultani mpaka 1963, na bendera yake nyekundu ikapepea Fort Jesus miaka yote hiyo huku Waingereza ndio wanaoendesha mambo. Bibi yangu, mzaliwa wa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, alikuwa akisema “maili kumi” kama mtu anayetaja jina la nchi. Hakumaanisha urefu wa njia. Alimaanisha kwa nani tulikuwa. Niliposoma kidahizo cha verge nilimkumbuka yeye, na nikaona njia ya kumweleza msomaji wangu jambo ambalo kamusi za maana tupu zilinificha.

Tofauti ipo, na ni tofauti tamu. Maili kumi zetu zilishikamana na pwani. Maili 12 za Mwingereza zilitembea. Mfalme akilala Greenwich, duara liko Greenwich; akihamia kasri jingine, duara linamfuata, na kijiji kilichokuwa nje jana usiku kinaamka kikiwa ndani. Marlowe alifia Deptford siku ambayo Malkia alikuwa ndani ya umbali huo, na kwa sababu hiyo Danby akaja. Baadaye kipande cha mfumo huo kilitulia mahali pamoja: mwaka 1630, wakati wa Charles I, ilianzishwa mahakama ya kasri iliyosikiliza madai ndani ya maili 12 za kasri la Whitehall, London, na ikaja kufutwa mwaka 1849. Haya ya Marlowe na ya mahakama huyapati Etymonline, ni ya vitabu vya historia. Lakini bila Etymonline nisingejua niyatafute.

Faida nyingine ya kamusi hii ni kwamba haikuachi na neno moja. Kutoka virga inakupeleka kwa ndugu zake. Yupo verger, mtumishi wa makanisa makuu ya Kianglikana, Westminster Abbey likiwemo, ambaye hadi leo hutangulia msafara wa ibada akiwa ameshika fimbo. Kuna virgula, fimbo ndogo kwa Kilatini, ambayo Kifaransa kimeifanya virgule, ile alama ya mkato ambayo wenzetu wa Kongo na Burundi wameitamka darasani tangu utotoni. Mafundi wa saa za kale nao wanaita verge ule ufito wima uliodhibiti mwendo wa magurudumu. Zote ni fimbo tu, moja imeshikwa kanisani, moja imechorwa kwenye karatasi, moja imefungiwa ndani ya saa.

Na inakutenga na wasio ndugu. Hili ni muhimu kwa mfasiri kuliko hilo la kwanza. Kiingereza kina kitenzi verge chenye kuandikwa vilevile, maana yake kuelekea au kuegemea upande, nacho hakihusiani na fimbo hata kidogo. Kinatoka kwenye kitenzi cha Kilatini vergere, kuinama au kuelekea, na humo ndimo yalimotoka converge (kukutana) na diverge (kuachana). Baadaye nomino na kitenzi vilikaa jirani muda mrefu mpaka vikaazimana maana, na kitenzi nacho kikaanza kusema kupakana. Mtu akikuandikia kwamba diverge ni kuitupa fimbo, au kuivuka mipaka ya mfalme, mpeleke kwenye ukurasa wa kitenzi asome mwenyewe. Etymonline imeviweka vidahizo hivi viwili mbalimbali, na imefanya vyema.

Nikapima pia na kingo nyingine, maana mhadhara ulikuwa nazo. Edge inatokana na ecg ya Kiingereza cha kale, ambayo ilikuwa makali ya upanga na wakati mwingine upanga wenyewe, na mzizi wake wa mbali sana ni ule uliozaa maneno ya ukali na uchungu kama acute na acid. Brink imetoka upande wa lugha za kaskazini ya Ulaya, nayo ni ya mteremko na gema. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza akisema edge ana kisu kwenye mfupa wa neno, akisema brink ana poromoko, akisema verge ana mpaka wa mamlaka. Waingereza wengi wa leo hawayasikii hayo. Washairi wao wa karne ya 16 waliyasikia, na mfasiri wa washairi hao hana budi kuyasikia pia. Marafiki zangu wa kazi hii husema huko ni kuchimba kupita kiasi. Mimi naona ni kazi yenyewe.

Niseme sasa panapopungua. Etymonline inakupa tarehe, kwa mfano katikati ya karne ya 15 kwa verge yenye maana ya ukingo, lakini mara nyingi haikupi sentensi ambamo neno lilionekana. Tarehe hiyo si siku ya kuzaliwa kwa neno, ni umri wa maandishi ya zamani zaidi yaliyosalimika, na watu huenda walilitamka miaka mingi kabla. Anayesoma haraka anaweza kudhani neno lilianguka kutoka mbinguni mwaka huo. Tena maelezo yamebanwa sana. Hatua kama ile ya eneo kugeuka mpaka, ambayo ndiyo moyo wa hadithi, imepewa mstari mmoja. Mtu asiyezoea mtindo wake wa vifupisho, “c.” kwa takriban na “15c.” kwa karne ya 15, ataukuta ukurasa mkavu mwanzoni.

Ushahidi wa sentensi uko kwenye Oxford English Dictionary. Kazi hiyo ilipendekezwa na wanachama wa chama cha wanafilolojia cha London mwaka 1857, kijitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1884 chini ya mhariri James Murray, na wakaikamilisha mwaka 1928, Murray akiwa ameshafariki mwaka 1915. Toleo la pili la mwaka 1989 lina juzuu 20. Mtandaoni ilianza mwaka 2000. Ubora wake ni kwamba kila maana imewekewa nukuu zilizopangwa kwa miaka, kazi ya maelfu ya wasomaji waliojitolea kunakili sentensi kwenye vikaratasi na kuzituma kwa posta. Ukiifungua kwenye verge unaiona maana ikigeuka mbele ya macho yako, nukuu baada ya nukuu. Lakini sehemu kubwa ni ya kulipia, na malipo yake kwa mwaka si ya mtu anayefasiri kwa ukurasa. Ndugu zetu walioko Uingereza wana bahati: maktaba nyingi za umma huko huwapa wanachama njia ya kuingia bure kwa namba ya kadi, na nawasihi waitumie, hata kwa ajili ya kutusaidia sisi huku. Hata Kiswahili chetu kinaendelea kuingia humo. Mwaka 2022 walipoongeza maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, nyama choma ilikuwa mojawapo.

Kwa hiyo sizipambanishi. Etymonline ni ya kuanzia, na kwa asilimia kubwa ya maneno ninayokutana nayo ndiyo pia ya kumalizia. Oxford naitafuta pale neno linapobeba uzito wa kesi, wa dini au wa shairi. Nikiulizwa nyota, Etymonline naipa nne kati ya tano, na ile moja nimeishikilia kwa sababu ya nukuu tu.

Kuna jambo moja lililonikaa rohoni nilipokuwa nikifanya kazi hii. Ukilitafuta neno safari kwenye Etymonline utaambiwa limetoka Kiswahili, na kwamba Kiswahili kililipata kwa Kiarabu, safar. Sawa. Ila mimi nikitaka kujua neno ukingo lilionekana wapi kwanza, katika utenzi upi, kwa lahaja gani, na kama wakati huo lilikuwa la mto, la chombo au la nguo, sina pa kubonyeza. Ninayo kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882, iliyokusanywa hapa hapa Mombasa na jirani zake. Kuna ya padri Charles Sacleux ya mwaka 1939, ya Kiswahili na Kifaransa, yenye kuonyesha neno ni la lahaja gani na mara nyingi limetoka lugha ipi, kazi ya mtu aliyesikiliza kwa subira isiyo ya kawaida. Lakini Sacleux inahitaji Kifaransa, na kijana wa Kilifi anayesoma ufasiri hana. Tenzi zetu za Pate na Lamu zimebeba karne za maneno. Nukuu zipo, kinachokosekana ni wa kuzipanga kwa miaka na kuziweka mahali ambapo simu inafika. Harper alianza peke yake.

Kwa wanaotaka kujua niliishia wapi na ule mhadhara: “within the verge” nimeiandika “ndani ya maili 12 za mamlaka ya Malkia”, na mara ya kwanza inapotokea nimeongeza sentensi moja kueleza kwamba maili hizo zilihama pamoja naye. Mwalimu aliuliza kwa nini nisiweke ukingo. Nilimtumia kiungo cha kidahizo, naye akaniruhusu niiache ilivyo. Pale mhadhara uliposema Marlowe alikuwa “on the verge” ya kukamatwa tena, nimeandika kwamba alikuwa katika hatihati ya kukamatwa tena. Na verge ya tatu, ya barabara ya Uingereza ya leo ambako mhadhiri alisimamisha gari karibu na Deptford kutazama kanisa la Mtakatifu Nicholas alikozikwa Marlowe, nimeiita majani ya kando ya barabara. Sikuiita hifadhi ya barabara, kwa sababu hiyo ni ardhi iliyotengwa kisheria, wala bega la barabara, kwa sababu bega ni sehemu ya barabara iliyoshindiliwa, na pale aliposimama palikuwa na nyasi tu.